Taarifa ya Ufa Iende kwa Anayeziba

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wabunge, ndugu zangu wanasheria, na mafundi wenzangu niliowaona mmekaa kule nyuma,

Nashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie sheria za usalama wa mtandao na nafasi ya idara za ujasusi ndani ya sheria hizo. Nitasema mapema nimesimama wapi, ili msihangaike kunitafuta katikati ya maneno. Naamini taifa linahitaji idara ya ujasusi, na naamini vilevile kwamba idara hiyo haifai kukabidhiwa ulinzi wa mitandao ya raia. Mtu anayelipwa kuingia nyumba za watu bila kubisha hodi hawezi kuwa ndiye fundi makomeo wa mtaa. Hata awe mwema kiasi gani, kila komeo atakaloliimarisha linamfungia njia yeye mwenyewe.

Mimi si mwanasheria. Kazi yangu miaka yote imekuwa kuziba: kuweka viraka kwenye programu, kufunga milango iliyosahauliwa wazi, kuwabembeleza watu wabadilishe nywila. Kwa hiyo nitawasimulia kwanza nilichokiona nikiwa upande huo.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, jioni, simu zilianza kuita mfululizo. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilikuwa kinatambaa kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu yeyote kubofya chochote, kinayafunga mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Ofisi niliyokuwa nikiihudumia ilikuwa bado haijaguswa. Tuliingia Jumamosi alfajiri, watu wanne, kila mmoja na flashi mfukoni. Mwenzetu mmoja alitangulia na bunda la karatasi na selotepu, akawa anabandika kwenye kila skrini neno moja kwa kalamu nyekundu: USIWASHE. Sisi tukafuata nyuma yake dawati kwa dawati: chomoa waya wa mtandao, washa, weka kiraka, zima, washa tena, bandua karatasi. Kwenye saa nne asubuhi akaja mama mmoja wa uhasibu aliyekuwa na hesabu za kufunga. Alisimama mlangoni, akazitazama zile karatasi nyekundu zilivyojipanga, akaniuliza, “Mwanangu, nani katufanyia hivi?”

Nikamjibu, “Wezi, mama.”

Lile lilikuwa jibu nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonileta mbele yenu leo.

Ufa ambao kirusi kile kilipitia ulikuwa ndani ya Windows, kwenye sehemu inayoziwezesha kompyuta kugawana mafaili. Silaha ya kuupenyea ufa ule ilitoka NSA, idara ya Marekani inayonasa mawasiliano. Microsoft yenyewe ililisema hilo hadharani. Silaha hiyo ilikuwa na jina, EternalBlue. Kwa maelezo ya watu waliowahi kufanya kazi ndani ya idara hiyo, yaliyochapishwa na gazeti la Washington Post, ilitumika zaidi ya miaka mitano bila mtengenezaji kuambiwa kwamba nyumba yake ina ufa. Kisha silaha ikapotea. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 14 Machi 2017. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 14 Aprili, kundi lililojiita Shadow Brokers liliimwaga silaha hiyo mtandaoni, kila mwenye kutaka achukue. Wiki nne tu zilipita kabla ya Ijumaa ile.

Tangu kiraka kitoke hadi Ijumaa ile ni wiki nane hivi, na wiki nane ni muda mfupi sana kwa hospitali. Mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili haiwekewi kiraka kama simu ya mkononi. Inabidi isimamishwe, ijaribiwe, na pengine mtengenezaji wake atoe ruhusa. Ndiyo maana Uingereza iliumia vile. Ofisi ya taifa ya ukaguzi ilikuta kwamba mashirika ya hospitali yasiyopungua 80 kati ya 236 yaliathirika, na ikakadiria kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Aliyekizima kirusi kile alikuwa kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyeona kwamba kinaulizia anwani fulani ya mtandao isiyo na mwenyewe, akaisajili anwani hiyo kwa pesa isiyofika dola 11, na kirusi kilipopata jibu kutoka kwake kikaacha kuenea.

Silaha ile haikuishia hapo. Tarehe 27 Juni mwaka huohuo ilitumika tena ndani ya NotPetya, shambulio lililoanzia kwenye masasisho ya programu ya uhasibu huko Ukraine na ambalo Marekani na Uingereza zilikuja kulihusisha na jeshi la Urusi. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Walipotafuta nakala ya orodha kuu ya watumiaji na ruhusa zao, ile ambayo bila yake mtandao mzima ni maiti, walikuta imefutwa kwenye vituo vyote duniani isipokuwa kimoja. Ofisi yao ya Ghana ilikuwa imekatikiwa umeme saa ile, na seva yake ikawa imelala salama gizani. Mimi nimekuwa nikilalamikia kukatika kwa umeme maisha yangu yote ya kazi. Siku niliyosoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Biashara ya bahari za dunia ilinusurika kwa sababu umeme ulikatika, wakati watu waliojua ufa ulipo walikuwa na miaka mitano ya kusema.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Hapa aliyeujua ufa alikuwa na mtu wa kumwambia na alikuwa na namba yake ya simu.

Waheshimiwa, kuna jambo naomba tulielewane kabla hamjaandika neno lolote la sheria. Ufa wa programu hauna bendera. Windows iliyoko kwenye meza ya jenerali wa nchi adui ndiyo hiyohiyo iliyoko wodini, benki, bandarini na kwenye kompyuta ya yule mama wa uhasibu. Mkiuacha wazi ili mumchungulie adui, mmeuacha wazi kwa kila mtu atakayekuja kuugundua kesho. Zamani mataifa yalikuwa na mashine zao za kuficha siri, na ukivunja ya mwenzako yako inabaki nzima. Dunia hiyo imekwisha. Leo wote tunatumia makomeo ya kiwanda kimoja.

Ndiyo maana swali la idara ipi ikae kwenye kiti kipi ni zito kuliko linavyoonekana. Wajerumani walilitazama mapema. Ofisi yao ya usalama wa mifumo ya habari, BSI, ilichipuka kutoka kitengo cha maandishi ya siri cha idara yao ya ujasusi wa nje, na mwaka 1991 ikasimamishwa kuwa ofisi ya peke yake chini ya wizara ya mambo ya ndani. Wafaransa mwaka 2009 waliunda ANSSI, wakaiweka kwenye ofisi ya waziri mkuu, mbali na majasusi. Waingereza walikwenda njia nyingine: kituo chao cha NCSC, kilichoanza mwaka 2016, ni sehemu ya GCHQ, idara inayonasa mawasiliano. Nikiri kwamba miongozo ya kituo hicho nimeitumia, na ni mizuri. Lakini mhandisi wa hospitali anayepiga simu kutoa taarifa ya ufa anapaswa kujua sauti anayozungumza nayo inamfanyia kazi nani.

Marekani walipewa nafasi ya kutenganisha. Baada ya siri za NSA kuvuja mwaka 2013, jopo lililoteuliwa na Rais Obama lilipendekeza mwezi Desemba mwaka huo kwamba kitengo cha ulinzi kitolewe ndani ya NSA kiwe chombo kinachojitegemea. Pendekezo halikutekelezwa, na mwaka 2016 NSA ikafanya kinyume chake, ikaunganisha kitengo cha kulinda na kitengo cha kunasa chini ya kurugenzi moja. Mwaka uliofuata ndio huo wa karatasi nyekundu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huletwa bungeni likiwa limevaa nguo za heshima: kifungu kinachozitaka kampuni za simu na za mtandao zijenge njia ya serikali kusikiliza, kwa kibali cha mahakama. Kwa maneno linasikika sawa. Kuna kibali, kuna jaji, na kuna mshukiwa. Naomba niwapeleke Ugiriki.

Mwaka 2004, kabla ya michezo ya Olimpiki ya Athens, mtu asiyejulikana aliingiza programu ya siri kwenye mitambo ya Vodafone ya nchi ile. Mitambo hiyo ilikuwa imetengenezwa na Ericsson, na ndani yake mlikuwa na uwezo uliowekwa makusudi kwa ajili ya polisi: ukipewa namba, mtambo unatoa nakala ya mazungumzo. Uwezo ule ulikuja pamoja na sasisho la mwaka 2003. Vodafone Ugiriki haikuwa imenunua sehemu ya kuusimamia na kutunza kumbukumbu za nani kaomba nini, lakini uwezo wenyewe ulikuwa umekaa mle ndani, kama chumba kilichojengwa bila mwenye nyumba kupewa ufunguo. Aliyeingia aliuamsha. Namba zipatazo 100 zikaanza kusikilizwa, ikiwemo ya waziri mkuu Kostas Karamanlis, za mawaziri na za maofisa wa ulinzi. Sauti zao zilikuwa zinanakiliwa kwenda kwenye simu 14 za kulipia kabla, zile za kununua dukani na kutupa.

Jambo lenyewe liligundulika kwa bahati. Januari 2005 wavamizi walipokuwa wanasasisha programu yao walikosea kidogo, na ujumbe mfupi wa wateja ukaanza kutofika. Wateja wakalalamika, mafundi wakafukua, na mwezi Machi wakaikuta. Miezi saba hivi ya siri za serikali ilikuwa imeshakwenda.

Hakuna mlango uliovunjwa pale. Ulitumika mlango wa uani ambao ulijengwa kwa ajili ya watu wema. Nimesoma maelezo ya kiufundi ya kisa kile mara nyingi, na kila mara kinachonishtua ni kwamba mtambo haukuwa na hitilafu. Ulikuwa unafanya kazi iliyokusudiwa.

Kama mtaona hayo ni ya zamani, mwaka 2024 ilijulikana kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China, waliopewa jina la Salt Typhoon, walikuwa wameingia kwenye kampuni kubwa za simu za Marekani, na baadhi ya walichokifikia ni mifumo ileile inayotumika kutekeleza vibali vya mahakama vya kusikiliza simu. Mifumo hiyo ipo kwa amri ya sheria ya mwaka 1994. Desemba ya mwaka 2024 maofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, na wa shirika la usalama wa mitandao la Marekani waliwashauri wananchi watumie programu za mawasiliano zenye usimbaji fiche wa mwanzo hadi mwisho, yaani ujumbe usiosomeka na yeyote ila anayeutuma na anayeupokea. FBI hiyohiyo imetumia miaka mingi kuwalalamikia wanaotengeneza usimbaji huo. Siwalaumu kwa ushauri ule, ulikuwa wa kweli. Nasikitika kwamba ilibidi mitambo iingiliwe ndipo usemwe.

Kuna vifungu vya aina nyingine, vya kupashana habari. Serikali inasema: enyi kampuni, mkishambuliwa tupeni taarifa, nasi tutawalinda msishtakiwe kwa kuzitoa. Hapo mimi naunga mkono, maana mwizi aliyeingia kwa jirani usiku huu ataingia kwangu kesho. Marekani ilipitisha sheria ya namna hiyo Desemba 2015, iliyozitaka kampuni ziondoe taarifa za watu binafsi zisizohusika kabla ya kukabidhi. Lakini kwa sheria hiyo, taarifa zikishaingia kwenye lango la wizara ya usalama wa ndani, hugawiwa kwa idara nyingine, NSA ikiwemo. Mbunge mwenye busara atauliza bomba linaishia wapi, akiuliza pia linaanzia wapi.

Tena angalieni jinsi sheria mbili zinazofanana kwa sura zinavyoweza kutofautiana kwa roho. China, tangu Septemba 2021, inamtaka mtengenezaji wa bidhaa za mtandao aripoti ufa serikalini ndani ya saa 48. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 2024 yenye wajibu wa kuripoti kuanzia Septemba 2026, unamtaka mtengenezaji aripoti ndani ya saa 24 ufa unaotumiwa tayari na washambuliaji. Ukisoma haraka utadhani ni kitu kimoja, na Ulaya wamekuwa wakali zaidi. Kwangu mimi saa si hoja. Nataka kujua ripoti inatua kwenye meza ya nani na mtu huyo amekatazwa nini. Ripoti ya ufa ambao bado haujazibwa ni silaha iliyokamilika nusu. Ukiiweka mezani kwa anayeziba, itakuwa kiraka. Ukiiweka mezani kwa anayevunja, na sheria ikawa haijamkataza, mnajua itakuwa nini.

Nisiwe mkali kupita haki. Majasusi huona mambo ambayo sisi wa kuziba hatuyaoni, kwa sababu wao wamo ndani ya mitandao ya washambuliaji. Januari 2020 ilitangazwa kwamba NSA ilikuwa imegundua ufa mkubwa katika namna Windows inavyohakiki vyeti vya kidijitali, na safari hii ikaiambia Microsoft, ikajitaja hadharani kuwa ndiyo iliyogundua. Nilifurahi sana siku ile, na kiraka chake nilikiweka kwa moyo mweupe. Lakini walifanya hivyo kwa hiari yao. Utaratibu wa Marekani wa kuamua ufa upi usemwe na upi ufichwe ni sera ya Ikulu, iliyowekwa wazi Novemba 2017. Sekretarieti yake ni NSA. Siku tano baada ya WannaCry maseneta kadhaa walipeleka muswada wa kuufanya utaratibu huo kuwa sheria. Muswada haukupita.

Hiari haitoshi, na nyie wabunge mnajua kwa nini. Machi 2013 Seneta Ron Wyden alimuuliza mkuu wa ujasusi wa Marekani, James Clapper, mbele ya kamati na mbele ya kamera, kama NSA inakusanya taarifa za aina yoyote za mamilioni ya Wamarekani. Akajibiwa kuwa hapana, si kwa kukusudia. Miezi mitatu haikupita, magazeti yakachapisha amri ya mahakama iliyoitaka kampuni ya Verizon ikabidhi kumbukumbu za simu za wateja wake kila siku. Mahakama iliyotoa amri hiyo ilikuwa ya siri na ilimsikiliza mwombaji peke yake. Mei 2015 mahakama ya rufani ilisema sheria iliyotumika haikuwa imeruhusu ukusanyaji wa namna ile. Seneta alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, swali lake lilikuwa sahihi, na bado aliondoka na jibu lisilo la kweli.

Na neno moja kuhusu majina. Muswada ukiitwa wa usalama wa mtandao, msome kila kifungu mjiulize kama kinalinda kompyuta au kinawinda maneno ya watu. Kenya ilipopitisha sheria yake mwaka 2018, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda vifungu 26, vikiwemo vya kuchapisha habari za uongo, ingawa mwaka 2020 mahakama hiyo iliikubali sheria. Kuingilia seva ya hospitali na kuandika jambo lisilompendeza mkubwa ni mambo mawili yasiyo na undugu, na ofisi inayopewa yote mawili itashughulika na lile lililo rahisi.

Sitaki niondoke nikiwa nimelalamika tu. Nimeandika kifungu. Wanasheria mtakirekebisha, lakini nitakisoma kama kilivyo:

“Chombo chochote cha umma kitakachogundua, kununua au kupokea taarifa ya ufa wa kiusalama katika programu au kifaa kinachotumiwa na umma kitaiwasilisha taarifa hiyo kwa mamlaka ya kiraia ya usalama wa mtandao ndani ya siku 7, na mamlaka hiyo itamjulisha mtengenezaji bila kuchelewa. Taarifa haitacheleweshwa isipokuwa kwa amri ya jaji, itakayotolewa kwa maandishi, kwa muda usiozidi siku 90, baada ya wakili aliyeteuliwa kutetea maslahi ya umma kusikilizwa. Taarifa iliyowasilishwa kwa mamlaka haitatumiwa na chombo chochote kuingilia kompyuta au mawasiliano ya mtu yeyote.”

Mtanipinga kwenye siku 90, na tunaweza kujadiliana. Mtaniambia wakili wa umma ataongeza gharama, na ni kweli. Neno ambalo siwezi kuliachia ni “kununua”. Mwaka 2016 FBI ililipa watu wa nje ili simu ya iPhone ya mmoja wa wauaji wa San Bernardino, huko California, ifunguliwe. Ilipoulizwa kama itaupeleka ufa uliotumika kwenye utaratibu wa Ikulu ili uamuliwe, ikajibu haiwezi, kwa kuwa ilichonunua ni matumizi ya chombo, haikununua haki ya kujua kinavyofanya kazi. Kwa mkataba mmoja wa manunuzi, utaratibu mzima ukapitwa pembeni. Soko la nyufa lipo, lina wauzaji na madalali, na serikali ni wateja wake wakubwa. Kwa hiyo nimeongeza kifungu kidogo kinachosema mkataba wowote unaomzuia mnunuzi wa serikali kujua ufa anaoununua ni batili.

Nakala za vifungu vyote viwili nimeziweka mezani karibu na mlango. Kamati inakaa Alhamisi, na mafundi watatu kati ya hawa waliokaa nyuma wamekubali kuja kujibu maswali yenu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.